Jamhuri ya Meno ya Kahawia

Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Hewala. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe waliipiga ramani marufuku siku walipogundua kwamba inaonyesha na nchi nyingine. Ni nchi ya milima mizuri, ng'ombe wengi na viongozi wasiokosea. Juu ya mlango wa kila ofisi wameandika kaulimbiu ya taifa, "Hewala haigombi," na kweli tangu uhuru hajatokea mtu aliyegombana na Serikali, ukiwaacha wale waliogombana nayo, ambao hawapo.

Wananchi wa Hewala wana meno ya kahawia. Chemchemi zao hupita kwenye mawe ya volkano ya kale na kuchukua madini ya floridi, na mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye rangi ya chai iliyokolea majani. Hilo peke yake lisingekuwa neno, maana uzuri wa mtu si meno. Lakini maji hayohayo huingia kwenye mifupa. Kuna watoto wanaopinda miguu kabla hawajajifunza kuruka kamba, na kuna watu wazima wanaokakamaa magoti wakiwa bado na mashamba ya kulima.

Serikali ya Hewala, kwa kuona kwake mbali, haikuhangaika na maji. Ilihangaika na uraia. Vyeti vinaghushiwa, mihuri inaibwa, lakini nani ataghushi meno? Kwa hiyo katika nchi ile uraia hutambuliwa mdomoni. Kila wilaya ina dirisha la Mkaguzi wa Tabasamu. Unafika, anakuambia, "Onyesha uraia," unapanua kinywa, anamulika kwa tochi, anagonga muhuri. Mwenye meno meupe ni mgeni, na mgeni husindikizwa mpakani kwa heshima zote, ndani ya lori.

Watoto wa wakubwa, ambao kwa bahati mbaya hunywa maji ya chupa kutoka ng'ambo, hupewa Hati ya Msamaha wa Meno. Hati hiyo haina urasimu wowote. Mwombaji anatakiwa tu kuonyesha hati ya msamaha ya baba yake.

*

Katika nchi hiyo, kwenye kijiji cha Chemchemi Tatu, alizaliwa mwanamke mmoja aliyekuja kuwa mhandisi, jina lake Ndeshi. Kwao walizaliwa wawili. Ndeshi maji yalimchukua meno tu. Mdogo wake, Aikande, yalimchukua miguu. Alipofika miaka saba magoti yalikuwa yamepinda kwenda nje, na Ndeshi akawa anambeba mgongoni kwenda shule, kilima kwa kilima, huku wenzao wakiwapita mbio. Siku moja akiwa na mzigo wake huo akasema maneno ambayo watoto wengi husema na kuyasahau: "Nikikua nitayatoa haya madude kwenye maji."

Yeye hakuyasahau. Kwa mujibu wa jalada lake, ambalo Serikali ilianza kulitunza baadaye, hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Chuo kikuu alifundishwa na Profesa Elikunda, bingwa wa kemia ya maji, mzee mpole mwenye msemo mmoja aliourudia mpaka wanafunzi wakawa wanaumalizia wenyewe: "Kipimo hakimwogopi mtu." Ndeshi aliuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la utafiti na kuupigia mstari mara mbili. Akaingia kazini. Kwa miaka tisa mwanamke huyu alichoma mifupa ya ng'ombe.

Msicheke. Mkaa wa mifupa hunasa floridi, ila lazima uchomwe kwenye tanuri lisilopitisha hewa, na moto wake una hila. Ukizidi, mifupa inatoka myeupe, haifai kitu. Ukipungua, maji yanayopita humo yanakuwa na ladha ya supu iliyolala. Ndeshi alitafuta mahali pa katikati, pale mifupa inapotoka myeusi yenye ukijivu, na alipakosa mara mia mbili na kumi na sita. Wanakijiji walimwita Mama Supu. Mbwa wa wilaya nzima walikuwa wakimfuata kwa adabu kuliko walivyomfuata Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze.

Mara ya mia mbili na kumi na saba, ikakubali. Chombo chenyewe hakikuwa cha kumtisha mtu: ndoo ya plastiki, bomba dogo chini, ndani mkaa wa mifupa uliopondwa chenga kama za mchele. Unamimina maji juu, yanashuka taratibu, na floridi inabaki kwenye mifupa ya ng'ombe badala ya kwenda kwenye mifupa ya mtoto. Ndoo ya kwanza alipewa Aikande, aliyekuwa mjamzito. Wakati huo Aikande alikuwa akitembea kwa kigoda: anakisukuma mbele, anakiegemea, anakifuata.

Na Aikande hakuwa wa kupewa tu. Mkaa ule huchoka, na hakuna aliyejua unachoka lini. Yeye ndiye aliyechora alama ya makaa ukutani kwa kila ndoo aliyomimina, mamia ya alama, akipeleka chupa ya maji kwa dada yake kila juma kupimwa, mpaka ikajulikana ni baada ya ndoo ngapi mkaa unapaswa kubadilishwa. Ndeshi alipokuwa akiandika ripoti yake alitaka kuweka jina la mdogo wake. Chuo kikajibu kwamba jina lisilo na shahada linaharibu mpangilio wa ukurasa.

Akazaliwa Tumsifu. Akanywa maji yale, akaota miguu iliyonyooka. Siku alipokimbia mara ya kwanza kutoka mlangoni hadi kwenye zizi, mama yake alikaa kwenye kigoda chake akitazama na kulia bila kujificha, na Ndeshi naye akalia, ingawa alijisingizia moshi wa tanuri. Tumsifu alipokaribia miaka minane kulikuwa na watoto zaidi ya mia tatu wa namna hiyo kijijini. Walikuwa wakikimbia ovyo, hata pasipo na sababu ya kukimbia.

*

Habari zikafika mjini, na Serikali ikafurahi, maana ilikuwa imebakiwa na nishani moja. Kwenye Siku ya Wagunduzi, Ndeshi akatunukiwa Nishani ya Ugunduzi Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza lilikuwa la Rais, aliyegundua Taifa. La Pili lilikuwa la mkewe, aliyemgundua Rais.

"Mwanamama huyu," alinguruma Waziri, "amechukua mifupa, kitu ambacho sisi sote tulikuwa tumewaachia mbwa, akaiingiza katika uchumi! Nawauliza, mbwa wamefanya nini miaka yote hiyo?"

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ndoo inafanya nini, na Waziri hakutaka kuwachosha wananchi kwa mambo ya kitaalamu. Aliyemvisha nishani alikuwa Profesa Elikunda mwenyewe, ambaye siku hizo alikuwa amepanda na kuwa Mshauri Mkuu wa Rais wa Sayansi na Itifaki. Akamshika Ndeshi mkono kwa mikono yake miwili na kumnong'oneza, "Usiogope kitu, binti yangu. Nipo."

Ndeshi alirudi kijijini na neno hilo. Nishani aliiweka kabatini, lakini neno alitembea nalo.

*

Sheria ya Hewala inasema mtoto hukaguliwa akitimiza miaka minane, kwa sababu meno ya utoto hung'oka, na nchi haiwezi kujengwa juu ya uraia unaong'oka. Basi Tumsifu akafikishwa dirishani. Mkaguzi wa Tabasamu akamulika. Akabadilisha betri za tochi, akamulika tena. Akawaita wenzake wawili.

"Mama," akamwuliza Aikande, "huyu mtoto umemtoa wapi?"

"Tumboni."

"Tumbo la nchi gani?"

Siku hiyo peke yake watoto arobaini na mmoja wa Chemchemi Tatu walionekana kuwa wageni. Walikuwa wameingia nchini, kwa maelezo ya Mkaguzi, kwa njia ya kuzaliwa. Wazazi wakapewa siku thelathini za kujiandaa kwa lori, na ikaundwa Tume ya Kuchunguza Weupe.

Ndeshi akakimbilia mjini kwa Profesa. Alimkuta katika ofisi yenye zulia, na kwenye kona, juu ya meza yake ndogo, ilikuwepo ndoo ya Chemchemi Tatu imevishwa kitambaa cha kufuma. Moyo wake ukatulia. Mtu anayekunywa maji yako, alijiambia, hawezi kukuacha ufe na kiu.

"Mwalimu, hawa watoto ni wetu," alisema. "Wamekunywa maji safi tu."

Profesa akamimina glasi mbili, akampa moja. "Najua, binti yangu. Sasa sikiliza. Usije na hasira, usije na mabango. Njoo na sayansi tupu. Wajumbe ni watu wasikivu, watakuuliza, nawe uwajibu kweli yote, bila kuongeza wala kupunguza. Kipimo..."

"...hakimwogopi mtu," Ndeshi akamalizia, na wote wawili wakacheka.

*

Tume iliketi katika ukumbi wa Halmashauri. Mwenyekiti wake alikuwa Kanali Mstaafu Lubinza, mtu mwenye sauti nene na masikio yaliyochoka. Kulia kwake alikaa Profesa, na mbele yao jagi la maji. Shahidi wa kwanza aliitwa, na Ndeshi akasikia kabla hajaona: kigoda kikikwaruza sakafu, kinasimama, kinakwaruza tena.

"Jina lako?"

"Aikande, Mheshimiwa."

"Hiyo ndoo ulipewa na nani?"

"Na dada yangu."

"Alikueleza itamfanya nini mtoto?"

Aikande alikuwa anatazama mikono yake. "Sikuelewa, Mheshimiwa. Mimi sikusoma. Aliniambia mimina, nikamimina."

Ndeshi alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena. Alidhani amesikia vibaya. Akamtazama mdogo wake amwone hata anakonyeza jicho, kwamba subiri dada, kuna kitu nakipanga. Aikande hakumtazama. Alipomaliza aliambiwa asante kwa uzalendo wake, na kigoda kikaanza safari ya kurudi.

Kisha akaitwa Ndeshi. Alikumbuka ushauri aliopewa, akasimama na makaratasi yake.

"Mhandisi," alisema Mwenyekiti, "Serikali haina roho mbaya. Inataka kuwasamehe watoto hawa. Swali letu ni moja tu. Wakirudishwa kwenye maji ya taifa, meno yao yatarudi kahawia?"

Hapo mtu mwingine yeyote wa Hewala angesema hewala. Mama muuza vitumbua angesema ndiyo, tena baada ya wiki mbili tu, na watoto wangepakwa majani ya chai wakati wa ukaguzi na maisha yangeendelea. Lakini Ndeshi alikuwa mhandisi.

"Hapana, Mheshimiwa. Jino likishakamilika limekamilika. Hata wakinywa chemchemi nzima halitabadilika rangi. Kitakachobadilika ni mifupa. Hawa bado wanakua. Floridi itawaingia kwenye mifupa, magoti yatapinda, na hayatanyooka tena."

Ndeshi akaona wajumbe wameinamisha vichwa, akajua ameshinda.

"Itaingia mpaka kwenye mifupa?" aliuliza Mwenyekiti polepole.

"Mpaka kwenye mifupa, Mheshimiwa. Nina vipimo vya miaka tisa."

Kanali Lubinza akavua miwani. Macho yalikuwa yamemlowa. "Ndugu wajumbe," alisema, "miaka yote hii tumekuwa tukiutafuta uraia mdomoni. Mdomoni! Mahali ambapo mtu hupitishia maandazi! Kumbe uraia uko ndani zaidi. Unaingia mpaka kwenye mifupa! Profesa, sayansi inakubali?"

Profesa Elikunda akanywa maji kidogo. Ndeshi aliyatambua maji yale. Jagi lilikuwa limefunikwa kwa kile kitambaa cha kufuma.

"Vipimo vya Mhandisi ni sahihi kabisa," alisema Profesa. "Mimi mwenyewe nilimfundisha. Na ningependa kuongeza kwamba mifupa, tofauti na meno, haiwezi kupigwa mswaki."

Azimio likapita kabla ya chakula cha mchana. Watoto wote wenye miguu isiyo ya kawaida, yaani iliyonyooka, watarudishwa kwenye maji ya taifa kwa miaka miwili, kisha watakaguliwa miguu. Mkaguzi wa Tabasamu atapandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Magoti. Ndoo zote zitakusanywa na kuhifadhiwa katika nyumba za viongozi, ambako zitatumika ili zisiharibike. Atakayekataa, lori lipo. Mhandisi Ndeshi akapongezwa kwa mchango wake wa kitaalamu, na kumbukumbu zikaonyesha kwamba azimio lilitokana na utafiti wake.

Alimdaka Profesa kwenye korido.

"Mwalimu, uliniambia upo!"

"Si nipo?" Profesa alimshangaa kwa dhati. "Nisingekuwepo, ungenikuta hapa?"

*

Aikande alikuwa nje kwenye benchi, kigoda kikiwa mbele ya magoti yake. Ndeshi alisimama mbele yake.

"Umesema hukuelewa."

"Nilielewa, dada."

"Zile alama ukutani alichora nani?"

"Mimi." Aikande akakivuta kigoda karibu. "Nimezipiga chokaa jana. Walikuja wakaniambia nikishuhudia hivyo, jina la Tumsifu litatolewa kwenye orodha ya lori."

"Ungeniambia! Tungepambana wote!"

"Ungepambana wewe. Mimi ningepakiwa." Akapiga goti lake kwa kiganja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya zamani. "Wewe unaiogopa miguu hii, dada. Mimi nimeishi nayo. Mtoto mwenye miguu hii nitamlea, najua anaumwa wapi na anakandwa vipi. Mtoto asiye na nchi nitamleaje? Nitamfuata mpakani na kigoda?"

Kilichomtoka Ndeshi ni uchungu mtupu. "Mimi nilikubeba mgongoni, Aikande. Kila siku."

"Najua. Ndiyo maana nilijua na hili utanibebea."

Ndeshi aliondoka bila kuaga. Aliumia kuliko alivyoumizwa na Profesa, kwa sababu Profesa alikuwa amemdanganya, na huyu alikuwa amemwambia kweli.

*

Sherehe ya Kikombe cha Kurejea ilifanyika asubuhi kwenye uwanja wa shule. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na moja. Watoto arobaini na mmoja walipangwa mstari, wamepakwa mafuta usoni. Kando ya uzio lilisimama lori, injini imewashwa tangu alfajiri, ili kuwarahisishia wazazi kufikiri.

Profesa Elikunda ndiye aliyeongoza, maana jambo lilikuwa limetoka kwenye sayansi na kuingia kwenye itifaki. "Kwa mila zetu Wahewala," alisema kwenye kipaza sauti, "mtoto hapewi maji ya kwanza na mama yake. Hupewa na mama mkubwa. Serikali inaheshimu mila. Mtoto asiye na mama mkubwa atapewa mmoja na Halmashauri."

Wa kwanza kuitwa alikuwa Tumsifu. Wa pili kuitwa alikuwa Ndeshi.

Akaenda mbele. Mkaguzi wa Magoti akamkabidhi kikombe cha bati kilichojaa maji ya chemchemi, baridi, safi kwa macho. Ndeshi alijua kilichomo kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Akatazama lori. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa, na askari alikuwa ameweka ngazi fupi, ya kumtosha mtoto. Akamtazama Aikande, aliyekaa mstari wa mbele miongoni mwa wazazi, naye Aikande safari hii hakuinamisha macho.

Tumsifu alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanusa, akainua uso.

"Mama mkubwa," aliuliza, si kwa kunong'ona, maana hakuna aliyemfundisha kunong'ona, "si ndiyo yale mabaya uliyotukataza?"

Kipaza sauti kilidaka swali lile, na uwanja mzima ukalisikia. Profesa akakohoa. Mkaguzi akafungua daftari lake na kushika kalamu. Kila mtu alimgeukia mwanamke ambaye katika miaka tisa hakuwahi kuandika kipimo cha uongo, hata kwenye zile mara mia mbili na kumi na sita ambapo uongo mmoja mdogo ungempumzisha.

Ndeshi akapiga goti mbele ya mtoto.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Haya ni mazuri. Kunywa."

Tumsifu akamwamini. Akanywa yote mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe kwa mkono wa kulia na kusema, "Asante, mama mkubwa." Kisha akageuka na kukimbia kwa mama yake, na watu wakampigia makofi.